Barua kwa shangazi anayetaka kwenda kuona barafu ya Greenland

Shikamoo shangazi,

Umeuliza swali moja tu: uongeze pesa upate chumba chenye roshani, au uchukue kile cha chini chenye kidirisha cha duara? Chukua cha chini, tena cha katikati ya meli. Hapo ndipo meli inapoyumba kidogo kuliko kwingine. Kwenye bahari kuu baridi na mawimbi havitakuruhusu kufungua hiyo roshani, na mkishaingia kwenye ghuba za Greenland utakuwa sitahani au kwenye boti, si chumbani. Hizo dola zitakazobaki zina kazi nyingine, na ndiyo sababu barua imekuwa ndefu. Naiweka hadharani kwa kuwa wapo wengine wenye maswali kama yako.

Kwanza karatasi, maana hapo ndipo wenye pasipoti kama zetu wanapokwama. Safari yako inaanzia Aisilandi, inavuka hadi ghuba ya Scoresby Sund mashariki mwa Greenland, kisha inarudi Aisilandi. Aisilandi imo ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Greenland haimo, ingawa ni sehemu ya Ufalme wa Denmark. Maana yake ni mambo mawili. Ukipanda meli umetoka Schengen, na ukirudi unaingia upya, kwa hiyo visa ya kuingia mara moja itakuacha bandarini. Omba ya kuingia mara mbili au zaidi. Pili, visa ya Schengen peke yake haikuruhusu kushuka Greenland. Unahitaji ruhusa ya Denmark inayotaja Greenland waziwazi. Omba zote kwa pamoja na uambatanishe ratiba ya meli. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Kwa kawaida majibu hutoka ndani ya siku 15, lakini yanaweza kufika siku 45, kwa hiyo usingoje mwezi wa mwisho. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 nyuma.

Bima nayo ina mtego. Ile ya visa inadaiwa iwe ya euro 30,000 na nyingi zinahesabu nchi za Schengen tu, kwa hiyo ukivunjika mguu Greenland unaweza kuambiwa hukuwa ndani ya mkataba. Helikopta na ndege ya kumtoa mgonjwa huko ni pesa nyingi mno. Mimi nisingekubali bima isiyotaja Greenland kwa jina, na gharama ya kumsafirisha mgonjwa isiwe chini ya dola 200,000. Ukiwa na presha au sukari, iandike kwenye fomu. Wakigundua uliificha, hawalipi.

Sasa safari yenyewe. Kutoka Aisilandi hadi mdomo wa Scoresby Sund ni kama siku moja hadi moja na nusu, kupitia Mlango-bahari wa Denmark, na hapo watu wengi hutapika. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla hujaanza kuumwa, saa mbili hivi kabla ya meli kung'oa nanga. Ukisubiri tumbo lianze, kidonge kitatoka na chakula. Sinarizini inapatikana katika maduka ya dawa ya huku, ila muulize mfamasia kama inapatana na vidonge vyako vya presha, na ujue inaleta usingizi.

Hapo mdomoni ndipo ratiba inapogeuka makisio. Mkondo wa bahari huteremsha barafu kutoka Bahari ya Aktiki kando ya pwani yote ya mashariki. Hii ni barafu ya bahari, vipande bapa vya maji ya chumvi yaliyoganda, na ni tofauti na milima ya barafu, ambayo ni theluji ya nchi kavu iliyoshindiliwa kwa karne nyingi na kumeguka kutoka kwenye mito ya barafu. Upepo ukivuma kutoka mashariki, vile vipande husongamana mdomoni, na nahodha hukaa nje akisubiri au anageuza. Kwa kawaida njia hufunguka mwishoni mwa Julai na meli za abiria huingia Agosti na Septemba. Soma mkataba wako: utakuta kampuni haiahidi kituo hata kimoja, na hurudishiwi senti kwa kukosa kimoja. Si wizi, shangazi. Anayekuahidi kituo kwa tarehe na saa huko ndiye wa kumkimbia.

Ukishaingia, uko ndani ya mfumo mkubwa kuliko yote ya fyodi duniani, yaani ghuba nyembamba zilizochimbwa na barafu kati ya milima. Tawi refu kabisa linafika kilomita 350 hivi kutoka baharini, na kuna mahali kina kinapita mita 1,400. Waambie wakufikishe Røde Ø, kisiwa cha mawe mekundu ambako milima ya barafu iliyokokotwa na mkondo hukwama chini. Bluu ya barafu mbele ya ukuta mwekundu ni kitu ambacho picha hazikitendei haki.

Utaiona kwa boti za mpira, abiria 10 hivi kwa boti moja, na boti hizi ndizo zinazohitaji mazoezi. Unashuka ngazi ya meli hadi kwenye jukwaa dogo juu ya maji. Mikono iwe mitupu, kamera ndani ya mfuko usiopitisha maji mgongoni. Baharia atanyoosha mkono: usimshike kiganja, mshike juu ya kifundo naye akushike hivyo hivyo, maana kiganja chenye glavu iliyolowa huteleza. Ngoja boti ipande na wimbi mpaka akwambie. Hatua ya kwanza juu ya ukingo wa mpira, ya pili ndani, kisha kaa papo hapo na ujisogeze kwa makalio. Usisimame ukitafuta nafasi nzuri. Goti lako la kushoto litaweza, lakini anza kupanda na kushuka ngazi tangu sasa, bila kushika ukuta.

Ufukweni unashukia majini, maji yakifika katikati ya muundi. Suruali ya kuzuia maji ivaliwe juu ya gambuti, isitumbukizwe ndani, la sivyo wimbi moja litalijaza. Soksi ni jozi moja nene au mbili nyembamba. Ukijaza soksi mpaka buti likabana, damu haifiki vidoleni, na hao wenye soksi tatu ndio huwa wa kwanza kulalamika baridi. Pamba acha nyumbani kwa nguo za ndani, ikilowa haikauki. Vaa sufu nyembamba, juu yake sweta, juu kabisa koti la kuzuia upepo. Hewa ya Agosti ikiwa nyuzi 2 na boti ikienda kilomita 30 kwa saa, uso unahisi kama nyuzi 4 chini ya sifuri.

Dera na baibui ni vya ndani ya meli. Jaketi la kuokolea lina mkanda unaopita katikati ya mapaja, na bila mkanda huo ukianguka majini jaketi linapanda na kukuvuka kichwa. Livae juu ya nguo zote, maana hujijaza lenyewe na likiwa chini ya koti litakubana kifua. Ncha za mtandio zichomekwe ndani. Maji yale yako karibu na sifuri: dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi, kama kumi zinazofuata ndizo mikono bado inakutii, kisha inabaki kama saa moja kabla ya kupoteza fahamu. Ndiyo maana ukiambiwa ukae, unakaa.

Utaona kiongozi wa boti hasogelei mlima wa barafu hata ukiwa umetulia. Karibu sehemu tisa kwa kumi za mlima zimo majini na huyeyuka huko chini bila kuonekana, uzito unahama, na mlima mzima unapinduka. Wengi hukaa mbali angalau mara tatu ya kimo chake juu ya maji. Boti ikizimwa, sikiliza vipande vidogo vikichacharika kama soda iliyofunguliwa sasa hivi: ni hewa ya zamani ikitoka kwenye viputo.

Ukichagua meli, isiwe kubwa. Ikiwa na watu mia hivi mnaweza kushuka wote. Wakizidi sana ni zamu, na zamu yako ni kungoja chumbani. Pia uliza ni meli gani nyingine itakuwa karibu. Septemba 2023 meli Ocean Explorer, yenye watu 206, ilikwama kwenye Alpefjord kaskazini ya hapo. Meli ya jeshi la majini la Denmark ilikuwa umbali wa maili 1,200 hivi za bahari, na iliyowanasua siku tatu baadaye ilikuwa meli ya utafiti wa uvuvi, Tarajoq. Ramani za vina vya maji katika fyodi hizo bado zina mapengo.

Kijiji huko Scoresby Sund ni kimoja tu, Ittoqqortoormiit, chenye watu kama 350. Kilianzishwa mwaka 1925 kwa familia za Wainuit, wenyeji wa Greenland, zilizoletwa kutoka Ammassalik, kusini zaidi kwenye pwani hiyo hiyo. Kwa miezi tisa hivi ya mwaka meli haiwezi kufika, kwa hiyo usikombe rafu za dukani kwa biskuti za kujifurahisha. Ni akiba ya watu. Mbwa wa kuvuta sleji, gari la kuteleza kwenye theluji, ni wa kazi, usimguse hata mtoto wake. Nyama na ngozi za dubu utaziona zimeanikwa. Wanaishi kwa kuwinda, wana viwango vyao vya kisheria, na kukunja uso ni utovu wa adabu. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, mtoto hasa. Lipa kwa krona za Denmark. Pembe ya narwali (nyangumi mdogo), ngozi ya dubu na meno ya walrasi (mnyama mkubwa wa baharini) usinunue hata ukipendezwa: zinadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kama pembe za ndovu kwetu. Kitu cha kufuma kwa manyoya ya ng'ombe-miski, mnyama wa huko mwenye manyoya marefu, hakina tabu hiyo.

Swala je? Mwisho wa Agosti jua linazama lakini giza kamili haliingii, kwa hiyo programu ya simu itakupa Isha na Alfajiri za ajabu au itakataa kabisa. Muulize sheikh wako kabla ya kuondoka utafuate kauli ipi. Matembezi ya boti huwa asubuhi na tena baada ya chakula cha mchana. Kwa msafiri, kujumuisha Adhuhuri na Alasiri kutakufaa. Kibla kutoka Scoresby Sund ni karibu nyuzi 110 kutoka kaskazini halisi, mashariki ukiegemea kusini kidogo. Dira ya simu hudanganywa na chuma cha meli, na meli iliyotia nanga huzunguka, kwa hiyo muulize afisa wa zamu inaelekea wapi. Chakula cha halali kiombe kwa maandishi unapolipa arubuni, maana baada ya bandarini hakuna pa kununulia.

Kabla hujatuma hiyo arubuni, nipigie picha ukurasa wa mkataba wenye masharti ya kufuta safari na ule wa bima, unitumie.