Ndugu wa udi huko Nara

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata, na ile picha ya biwa, kinanda cha nyuzi cha Kijapani, uliyoipiga kwenye kitabu cha makumbusho nimeikuza mpaka macho yakaniuma. Unauliza kwa nini inafanana na udi wangu. Ni ndugu, mwanangu.

Uajemi ya kale ilikuwa na kinanda cha tumbo pana na shingo fupi, barbat. Upande wa Waarabu ukoo huo ukazaa al-ud, yaani mti, ndio huu udi wetu wa taarabu. Upande wa mashariki misafara ikakivusha Asia ya Kati hadi China, kikaitwa pipa. Si pipa letu la maji: Wachina wa kale walisema “pi” ni mkono kupiga kwenda mbele, “pa” ni kurudi. Jaribu hewani. Si ndivyo ulivyoniona nikifanya kila jioni barazani? Kutoka China kikaingia Japani, kikawa biwa.

Sasa itazame tena picha yako. Hiyo yenye mpanda ngamia aliyetiwa kwa ganda la konokono wa baharini ina nyuzi tano na shingo iliyonyooka. Asili yake hutajwa kuwa India. Ndugu wa udi hasa ni ile ya nyuzi nne, ambayo kichwa chake kimekunjwa nyuma kama cha udi wangu. Lakini ngamia huyo kanifurahisha mno. Japani si nchi ya ngamia, naye yuko hapo tangu mwaka 756, Malkia Komyo alipotoa wakfu mali za marehemu mumewe, Mfalme Shomu, kwa hekalu la Todaiji, huko Nara.

Mwambie na hili mama yako ukimpigia simu: ghala la hekalu hilo lililoitunza biwa hiyo, Shosoin, lina gogo la udi wa kufukiza lenye urefu wa zaidi ya mita moja na nusu. Udi wa kupiga na udi wa chetezo chini ya paa moja!

Vuli hii maonyesho ya Shosoin yakifunguliwa, nenda. Kisha mtafute mpiga biwa. Mimi napiga kwa risha nyembamba, zamani ilikuwa unyoya wa tai; wao hushika bachi, ubao mpana kama kipepeo cha kujipepea. Nataka kusikia uzi unavyolia ukipigwa hivyo. Nirekodie hata dakika moja, nami nitakujibu kwa udi.

Baba yako