Nani kafungwa miezi 128?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu huku Ujiji tunalipata likiwa limeshalala, lakini tunalisoma mpaka matangazo. Juzi kinyozi wetu alisoma kwa sauti kichwa cha habari cha ukurasa wa ndani, "Zohali yaongezewa miezi 128". Mzee mmoja aliyekuwa kwenye kiti, povu limemjaa kidevuni, akauliza, "Kwa kosa gani?" Tukapiga hesabu palepale: miaka kumi na miezi minane. Kijana mmoja akasema huyo Zohali lazima alikamatwa na nyavu haramu, na huenda ni mara yake ya pili.

Nikachukua gazeti nikaisoma habari yote. Habari yenyewe ni ya kweli. Machi 2025 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliitambua miezi mipya 128 inayoizunguka sayari yenye pete, jumla ikawa 274. Mwandishi wenu kaeleza vizuri kwamba mingi ya hiyo mipya ni mawe ya kilomita chache tu. Bodaboda anayetoka Ujiji hadi stesheni ya Kigoma angekuwa ameshaumaliza mwezi mzima upana wake. Hapo sina neno. Neno langu ni kwamba kichwa kinasema Zohali, aya ya pili inasema Sarateni, na chini ya picha mmeandika Sateni. Washtakiwa watatu, hukumu moja.

Mimi nimevua dagaa miaka 31, tangu enzi za karabai mpaka hizi taa za sola. Sasa magoti yamekataa, nashona nyavu za wengine pale mwaloni Kibirizi. Mvuvi wa dagaa mwajiri wake ni mwezi. Ukiwa mpevu, taa zetu zinamezwa na mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inapanda mchangani na deni la dukani linaanza kukua. Mama watoto alikuwa akiutazama mwezi kwa jicho la bajeti: ukianza kunenepa tu, sukari kwenye chai inapungua. Siku 29 na nusu baadaye ni yaleyale. Kwa hiyo sisi mwezi wa juu na mwezi wa ukutani hatuvichanganyi, ila mkiandika "miezi 128" bila kusema inazunguka nini, hata sisi mnatutupa.

Majina ya sayari niliyapata kwa babu mzaa mama. Alikuwa mwalimu wa madrasa na falaki, elimu ya nyota, aliijua. Alitukalisha mkekani akatuhesabia siku na sayari zake: Jumamosi ya Zohali, Jumanne ya Mirihi, Jumatano ya Utaridi, Alhamisi ya Mshtarii, Ijumaa ya Zuhura. Jumapili na Jumatatu aliwaachia Jua na Mwezi. Mambo ya kupiga ramli sikuyafuata, majina ndiyo yaliyonikaa. Na Zuhura ilinifundisha yenyewe. Mwaka wangu wa pili ziwani, jioni moja niliona taa chini kabisa upande wa milima ya Kongo, imetandika mstari wa mwanga juu ya maji kama mtumbwi ulio karibu. Nikawaambia wenzangu wale wameshapata, tuwasogelee. Tulipiga kasia mpaka ile taa ikazama nyuma ya mlima. Miaka mitatu mizima niliitwa Zuhura.

Sasa mjukuu wangu wa darasa la sita kaniletea daftari lenye alama ya X ya wino mwekundu. Aliandika sayari yenye pete ni Zohali, kama nilivyomwonyesha. Orodha aliyonakili ubaoni inasema hivi: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Sumbula, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Zohali ya saba! Nilikwenda kumwona mwalimu wake, kijana mwenye adabu sana, akanipa kiti. Akasema, "Mzee wangu, nakuelewa, lakini mtihani ukija hautamuuliza babu yake, utamuuliza kitabu." Simlaumu. Ana watoto wengi kuliko madawati.

Ila hebu tuitazame hiyo orodha. Sayari ya saba ndiyo ile ambayo dunia inaiita Uranus. Haikutambuliwa kuwa sayari mpaka mwaka 1781, William Herschel alipoiona kwa darubini kule Uingereza. Ya nane, Neptune, ni ya 1846. Jina la Zohali lilikuwa limeshaandikwa kwenye vitabu vya falaki karne nyingi kabla ya hapo, na wazee walioliandika walitazama kwa macho matupu, wakazijua sayari tano tu. Watampaje jina mtoto ambaye mimba yake haijatungwa? Zohali ya Waarabu, ambayo Waswahili waliipokea, ni ile ya sita, yenye pete, basi.

Hayo majina mengine yametoka mlango wa pili. Sumbula ni suke, Sarateni ni kaa, Kausi ni upinde. Ni majina ya buruji, yale makundi 12 ya nyota ambayo jua na sayari hupita humo mwaka mzima. Mtu kachukua majina ya vituo akawapa abiria. Sarateni ndiyo neno lilelile la saratani, ugonjwa. Sayari nzuri kuliko zote imepewa jina la kitu tunachokiogopa hospitali. Utaridi, iliyo jirani kabisa na Jua, imetupwa mwisho wa orodha ikapewa nafasi ya Pluto, ambayo nayo ilitolewa kwenye hesabu ya sayari mwaka 2006. Halafu nafasi ya Utaridi kakaa Zebaki. Zebaki tunaijua, muulizeni mchimbaji yeyote wa Nzega, ni ile ya kukamatia dhahabu. Kwa Kiingereza sayari na ile madini vina jina moja, ndiyo mtu akatafsiri madini akadhani katafsiri sayari.

Msidhani ni ubishi wa kizee tu. Nina darubini ya macho mawili, nimeinunua kwa mfanyabiashara mmoja hapo Kibirizi, kioo kimoja kina ufa. Siku za mwezi mpevu, vijana wakiwa hawana kazi, huwa naegemeza viwiko ukutani nawaonyesha Mshtarii, sayari ya tano. Pembeni yake kuna vitone vinne vimepangika kama shanga. Usiku wa kwanza viwili huku viwili kule, kesho yake vitatu upande mmoja. Ndivyo Galileo, mtazama nyota wa Italia, alivyoviona kule Padua Januari 1610. Ni miezi ya Mshtarii: Io, Europa, Ganimedi na Kalisto. Ganimedi ni mwezi tu, lakini ni mkubwa kuliko sayari Utaridi. Niliwaambia kuhusu Europa, kwamba wanasayansi wanaamini ina bahari chini ya barafu na kuna chombo cha Marekani kimeondoka Oktoba 2024, kitafika Mshtarii 2030. Swali la kwanza lilikuwa kama kuna dagaa. La pili lilikuwa, "Mzee, Mshtarii ndiyo ipi tena? Sisi tulisoma Sumbula." Nikashusha darubini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tukitaka tunaweza. Mwaka 2019, Umoja huohuo wa Astronomia ulipozipa nchi nafasi ya kutaja nyota moja na sayari yake nje kabisa ya mfumo wa Jua letu, Tanzania ilipata nyota iliyokuwa ikiitwa WASP-71. Sasa inaitwa Mpingo, na sayari yake ni Tanzanite. Kwa macho huioni. Ni dude la gesi linaloizunguka Mpingo kwa muda usiotimia siku tatu, yaani mwenye nyumba wa huko angedai kodi ya mwaka kila baada ya siku mbili na ushee. Kitu cha mbali namna hiyo kina jina moja la Kitanzania, limekubalika duniani kote, na Zohali ninayoiona kutoka mlangoni kwangu ina majina matatu ndani ya ukurasa mmoja.

Naomba hivi. Chapisheni mara moja tu kisanduku kidogo: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, kwa mpangilio huo kutoka kwenye Jua, na Dunia yetu ikae baada ya Zuhura. Zile mbili za mwisho ziacheni Uranus na Neptune, wazee hawakuzijua na hakuna aibu. Kisha wahariri wenu wakishike hicho kisanduku hata mwandishi akija na Sarateni.

Mtihani wa mjukuu wangu ni mwezi ujao, wa ukutani. Nimemwambia aandike ya saba ni Zohali kama kitabu kinavyotaka, apate alama zake. Akaniuliza, "Sasa babu, ile ya pete niiiteje?" Nimemwambia asubiri gazeti.

Mvuvi mstaafu,
Ujiji, Kigoma