Barua kwa mwanangu Kulwa: hiyo IST ya Nyegezi

Mwanangu Kulwa,

Mwangaluka. Picha za hiyo Toyota IST unayotaka kuinunua nimeziona zote, na tangazo lake nimelisoma mara mbili: namba D, full AC, injini haijaguswa, alikuwa anaendesha dada, mwenyewe ana shida ya haraka, milioni tisa na nusu. Unaniuliza kama injini za IST zinadumu. Zinadumu, lakini hilo liwe swali lako la tatu. La kwanza, hilo gari ni la nani? La pili, huyo mtu ana haki ya kuliuza leo? Injini ikifa hununuliwa nyingine ikafungwa. Gari likibainika ni la mtu mwingine, huondoka na injini yake na matairi yake, na pesa yako unabaki kuitafuta kwa simu isiyopatikana. Yadi angalau ina geti na ofisi ya kurudi kulalamika. Anayekuuzia mkononi ana laini ya simu tu, na laini hutupwa.

Aliyeweka tangazo bila shaka ni dalali. Si kosa, ila mwambie mapema kwamba utaongea na mwenye mali uso kwa uso, na usitume kishika uchumba, yaani hela ya kulishikilia gari, hata elfu hamsini kabla hujaligusa gari na kuiona kadi halisi ya gari. Maneno ya "kuna mteja mwingine anakuja saa kumi" yaache yapite. Huyo mteja wa saa kumi huwa haji.

Kadi uishike mkononi. Picha ya WhatsApp haitoshi. Linganisha jina lililoandikwa na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza. Majina yakipishana utasikia moja ya hadithi tatu. Ya kwanza: "nililinunua kwa jamaa, sikubadilisha jina." Basi huyo jamaa aje asaini mwenyewe, kwa sababu kwenye kumbukumbu za TRA mmiliki bado ni yeye. Ya pili: mwenye gari ni marehemu. Hapo anayeuza ni msimamizi wa mirathi peke yake, na awe na barua ya mahakama iliyomteua. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni hatua ya kuelekea mahakamani, hautoi ruhusa ya kuuza. Ya tatu: mwenyewe yuko safarini. Dai hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya wakili, kisha mpigie huyo mwenyewe kwa video, umwone akitaja namba ya gari lake na bei mliyokubaliana.

Kadi ikiwa na jina la benki pamoja na la mtu, gari lina mkopo. Dai barua ya benki kwamba deni limekwisha, na uipeleke kwenye tawi lenyewe ukaithibitishe. Kigumu zaidi ni kausha damu, hii mikopo ya mtaani yenye riba kali. Mtu huacha kadi kwa mkopeshaji, anakwenda polisi kuripoti kwamba imepotea, anapata kadi nyingine na kuuza gari. Kadi mpya kabisa kwa gari lililokaa barabarani miaka mingi uliza imetoka wapi. Njia nyepesi ni kwenda naye ofisi ya TRA kabla ya malipo yoyote, mkaangalie kumbukumbu za gari pamoja. Mwenye mali halali atalalamika foleni, lakini atakuja. Ukiwa hapo usimpe kazi kishoka wa nje ya geti.

Faini za barabarani unaweza kuzitazama mwenyewe kwenye mfumo wa polisi kwa kuingiza namba ya gari. Tazama na ushuru wa maegesho. Zilipwe kabla hujatoa hela, au zikatwe kwenye bei.

Usije ukavutwa na bei ya gari lenye namba za Kenya au Uganda lililopitia Sirari au Mutukula. Likikamatwa, aliye kwenye usukani ndiye anayeulizwa. Hata "gari la shirika" lililoingia kwa msamaha wa kodi lina kodi inayosubiri siku litakapohamia kwa mtu asiye na msamaha.

Karatasi zikikaa sawa, nenda kwenye chuma. Fungua boneti usome namba ya chesisi. Kwa Toyota nyingi ndogo za Japani imegongwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na chumba cha abiria, na ipo tena kwenye bamba dogo. Soma tarakimu moja moja ukilinganisha na kadi. IST ya NCP60 ina injini ya 2NZ, cc 1300. NCP61 ina 1NZ, cc 1500. Chesisi ikisema 60 na injini ikisema 1NZ, injini ilibadilishwa, na kadi inapaswa kuonyesha hivyo. Pitisha kidole juu ya zile namba: alama za tupa, rangi iliyopakwa upya hapo tu au mshono wa welding vinatosha kukurudisha nyumbani. Angalia pia namba zilizochongwa kwenye vioo na saiti mira. Kioo kimoja chenye namba tofauti, au kisicho na namba wakati vingine vinazo, kina maelezo yake.

Namba D isikubabaishe. Inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haionyeshi lilitengenezwa lini. IST za umbo hilo zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Kwenye picha naona kilomita 78,000. Gari la mwaka 2004 likitembea kilomita 10,000 tu kwa mwaka, leo liko zaidi ya 200,000. Kilomita hurudishwa, raba ya pedali ya breki hairudishwi. Ikiwa imelika hadi chuma, na usukani unang'aa kama sahani, amini raba.

Huku kwetu Mwanza gari dogo huwa na kazi mbili linazozificha. Moja ni mchomoko. Limebeba watu saba au wanane kwenda Sengerema, Magu au Misungwi, kisha likaoshwa na kutangazwa kwamba alikuwa anaendesha dada. Simama ubavuni mwake mita kumi uone kama nyuma limekaa chini kuliko mbele. Tazama matairi ya nyuma kama yamelika upande wa ndani, migongo ya siti za mbele kama imechakazwa na magoti, na milango ya nyuma kama imelegea kuliko ya dereva. Tazama kadi: matumizi ni binafsi au biashara? Pleti za njano za gari binafsi, bado mpya kwenye gari chakavu, huenda zilichukua nafasi ya nyeupe za biashara juzi.

Kazi ya pili ni samaki. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, lakini kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, inayo, na maji ya barafu ya sangara hupenya zulia yakatulia kwenye shimo la tairi ya akiba. Nyanyua zulia la buti, toa tairi, bonyeza bati kwa bisibisi. Likitoboka, puti ya fundi haitalirudisha. Ukikuta manukato manne yamening'inizwa kwenye kioo, funga vioo vyote, kaa ndani dakika tano juani, harufu ya dagaa itajitokeza yenyewe.

Ukiwa humo ndani, vuta mkanda wa siti mpaka mwisho. Mstari wa tope au ukungu karibu na mzizi wake unaonyesha gari limezama. Bolti za kushikia siti zitakuwa na kutu, taa zitakuwa na mvuke. Mafuriko ya Mabatini na kupanda kwa ziwa mwaka 2020 na 2024 kuliacha magari kwenye maji, na nyaya zilizolowa huanza kusumbua miezi baadaye.

Rangi nayo. Chukua sumaku ya friji, ifunge kitambaa, ipitishe kwenye milango na juu ya magurudumu. Pasiposhika pana puti. Vichwa vya bolti za boneti na mafenda vikiwa vimevuliwa rangi, vilifunguliwa, na bati moja kurudishwa rangi si dhambi. Kinachotisha ni mbavu za chesisi zilizonyooshwa.

Injini uikute baridi. Sema hivyo tangu kwenye simu, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho, maana joto huficha mengi. Kabla ya kuwasha fungua mfuniko wa rejeta. Unataka kuona kulanti, dawa ya kupoza injini, yenye rangi. Maji ya kutu yanamaanisha thamostati huenda iling'olewa zamani na feni imeunganishwa moja kwa moja. Fungua mfuniko wa oili: ukikuta kitu kama maziwa ya chai, maji na oili vimekutana. Washa. Moshi mweupe unaoisha baada ya dakika chache ni mvuke wa asubuhi. Usioisha ni maji yanayoingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili inaungua, na ukanyage kidogo baada ya dakika tatu za sailensi, injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, uone kama unatoka kwa mkupuo. Rejeta ikitoa mapovu mfululizo injini ikiwaka, gasketi ya kichwa imekufa. Taa ya cheki injini iwake ukifungua switchi, kisha izime injini ikiwaka. Isiyowaka kabisa imezibwa. Mwambie fundi aje na mashine ya kupima, na awe fundi wako wewe; wa muuzaji mshukuru tu.

Giaboksi ndiyo itakayokula hela zako. Mguu ukiwa kwenye breki, toa P weka R, kisha D. Kuchelewa zaidi ya sekunde mbili au kishindo kikubwa ni dalili mbaya. Oili yake ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, achana nalo. Mpya kabisa, nyekundu ya jana, nayo ina swali. Endesha kuelekea Usagara ufike kilomita 80 kwa saa, ushike breki usikie kama usukani unatetemeka, kisha rudi mjini ulipandishe Bugando, usimame katikati ya mlima kwa handibreki peke yake na uondoke tena. Mahali penye nafasi kata usukani hadi mwisho uzunguke taratibu. Ka-ka-ka ni jointi za draiv shafti.

Mkikubaliana, mkataba uandikwe kwa wakili, na mashahidi wa pande zote: majina, NIDA, TIN, namba ya gari, chesisi, injini, bei kwa tarakimu na maneno, tarehe na saa ya makabidhiano. Saa ina maana, kwani ajali au faini ya asubuhi hiyo si yako. Muuzaji atakushauri muandike milioni nne kupunguza ushuru wa stempu. Kwa asilimia 1, milioni tisa na nusu ni shilingi 95,000, na milioni nne ni 40,000. Utaokoa 55,000, halafu siku ya kesi mahakama itaona milioni nne. Pesa ipite benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile la kwenye kadi, na uhamisho wa jina uanzishwe siku hiyo hiyo, yeye akiwapo. Bima usiendeshe na ya jina lake. Kata yako, na ujue kwamba bima ndogo, ile ya kuwalipa unaowagonga, hailitengenezi gari lako.

Bei tutaiongea baadaye, fundi akishatupa orodha ya ubovu. Nitumie kwanza picha ya kadi pande zote mbili, kabla hujapanga siku ya kwenda Nyegezi.

Mama