Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Suala la Marudio

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama wa karai na vijana wa shimoni, habari za safari.

Naanza na jambo lililotuchukulia muda kuliko yote mwaka huu, na najua ndilo wengi mmekuja kulisikia: marudio, yaani mchanga unaobaki tukishatoa dhahabu. Mwezi wa tatu alikuja mnunuzi, akazunguka marundo yetu na koleo, akachota mchanga kwenye vifuko, akaenda zake. Baada ya siku tisa alirudi na bei, na ilikuwa bei nzuri. Kile tulichokiita takataka alitaka kukibeba kwa malori hadi kwenye matangi yake ya sayanaidi, ile sumu ya kuyeyushia dhahabu. Kamati ilikataa. Wengine mlikasirika, na mzee mmoja aliniambia mbele za watu kwamba nimewanyima watoto karo. Neno hilo limenikaa moyoni, kwa hiyo leo naeleza kwa kirefu.

Zebaki hukamata dhahabu inayoigusa tu. Ile iliyofungwa ndani ya chembe za mwamba, kama karasha, mashine yetu ya kusaga mawe, halijasaga vizuri, inapita. Kwa njia yetu ya zamani ya kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa, mara nyingi mchimbaji hapati hata nusu ya dhahabu iliyomo. Inayobaki inalala kwenye rundo, na zebaki yenyewe inalala hapo hapo, imevunjika vitone ambavyo jicho haliwezi kuviona. Mnunuzi alilijua hilo tangu alipochota koleo la kwanza. Yeye anafuata dhahabu, ila sayanaidi haina ubaguzi: inayeyusha dhahabu na inayeyusha zebaki. Zebaki ikishayeyuka namna hiyo, husafiri na maji kwa wepesi kuliko ilipokuwa imetulia kwenye mchanga. Tangi likivuja, au tope likimwagwa bondeni, sumu mbili zinateremka pamoja hadi kisimani kwa jirani.

Nchi yetu ya Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, mwaka 2019. Mkataba huo unataja mambo manne ya kukomeshwa kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu: kuweka zebaki kwenye mawe yote, kuchoma donge la zebaki na dhahabu hadharani, kulichoma kwenye makazi ya watu, na hili la kutia sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki kabla zebaki haijaondolewa. Tukiwa wakweli, yote manne tumeyafanya hapa Busia, na baadhi yetu tumeyafanya kwa miaka mingi.

Minamata ni mji wa Japani. Kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakala samaki, na mwaka 1956 madaktari wakaanza kuandikisha wagonjwa wa maradhi wasiyoyajua. Walikuwemo watoto waliozaliwa na ulemavu ilhali mama zao walionekana wazima. Zebaki ikifika kwenye tope la mto au ziwa, bakteria huigeuza kuwa aina inayoingia mwilini kwa urahisi zaidi, ikapanda kutoka mdudu hadi samaki mdogo, hadi samaki mkubwa, hadi sahani. Sisi tunakula samaki wa Majanji, kutoka Ziwa Victoria, kila juma. Sikuweza kutia sahihi kwenye karatasi ya mnunuzi huku nikilijua hilo.

Mwezi wa saba tulikwenda Kilembe, kwenye mgodi wa zamani wa shaba huko Kasese, wanachama sita, kwa nauli ya mfuko wa mafunzo. Shaba ilianza kutoka pale mwaka 1956, na uchimbaji ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wachimbaji waliondoka, taka zikabaki kando ya mto Nyamwamba. Mto ulipofurika mwaka 2013, na tena 2020 ulipoiharibu hospitali ya Kilembe, maji yalipita bondeni humo humo kwenye mabaki ya mgodi. Kijana wetu mmoja aliinama, akachukua mchanga wa rangi ya kutu, akausugua kati ya vidole, kisha akauliza hii ni ya mwaka gani. Mchanga ule huenda ulitupwa kabla baba yake hajaoa.

Pale Kasese kulikuwa pia na rundo kubwa la mawe ya salfa yaliyobaki baada ya shaba kutengwa. Mvua ilikuwa ikiyapiga, inatoka tindikali, inateremka kuelekea hifadhi ya Queen Elizabeth na kuua majani njiani. Mwaka 1999 kiwanda kikaanza kulitumia rundo hilo hilo kutoa kobalti. Waliweka bakteria kwenye matangi, bakteria wakawa wanalimeng'enya jiwe na kuachia madini. Nimerudi na wazo hilo kichwani: marudio yanaweza kuwa mali, mradi mwenye kuyachakata ana matangi yasiyovuja na anajua anachofanya.

Sasa retorti, chombo kilichofungwa cha kuchomea donge ili mvuke wa zebaki urudi kuwa zebaki ndani ya maji. Ile ya kwanza ilitushinda, na kosa ni langu. Niliiagiza kwa fundi wa kuchomelea, akaitengeneza kwa bomba la maji, nami sikuijaribu kabla ya kuwaita kina mama. Tulikaa wanne kuizunguka. Moto uliwaka, tukasubiri, na kwenye kikombe cha maji hakikushuka karibu kitu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mvuke umetoka kwenye kifuniko, na sisi tumeuvuta, kwa sababu mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Nawaomba radhi wale watatu tena leo, mbele ya wanachama wote.

Ya pili ina kifuniko cha kukaza kwa skrubu, na ukingo wake tunaupaka udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na jivu kabla ya kuwasha. Siku ya kwanza mama mmoja, aliyezoea kuchomea jikoni kwake huku mtoto yuko mgongoni, aliinua kikombe cha bati kwenye mwanga na kuona vitone vya fedha vikizunguka chini ya maji. Alinyamaza, kisha akauliza: hii yote ilikuwa inaingia nyumbani kwangu? Tunazo tatu sasa. Hakuna ruhusa ya kuchoma nje ya kibanda, na nitaendelea kuwa mkali kwa hilo.

Retorti ni daraja la kuvukia tu. Lengo ni kuacha zebaki kabisa. Vijana wa mashimo ya juu wamerefusha mialo, yaani mifereji ya mbao ya kuoshea mchanga, wakabadilisha magunia kwa zulia nene, wanaosha mara mbili hadi ubaki mchanga mzito mchache, kisha wanauyeyusha na boraksi. Boraksi inasaidia kuyeyusha na kutenga uchafu, dhahabu inazama chini. Inafanya kazi vizuri kwenye dhahabu ya chembe kubwa. Kwa ile ya unga bado tunahangaika.

Kuhusu leseni: Sheria ya Madini ya 2022 imetupa nafasi wachimbaji wa mikono, lakini nafasi hiyo inakuja na wajibu wa mazingira. Maombi yetu yalikaa miezi mitano kwenye ofisi moja kwa sababu ya karatasi ambayo hatukuambiwa mapema kwamba inahitajika. Iliniuma. Hata hivyo mkaguzi alipofika alikuta mashimo manne yamefukiwa na hakuna karasha karibu na kijito, na hilo lilitusaidia kuliko barua zangu zote.

Fedha atazisoma mhazini. Ada zimeingia vizuri, isipokuwa za wenye karasha.

Ombi langu kwa mkutano ni moja. Tangu mwezi wa tisa tuna marundo mawili. Rundo la zamani, lenye bendera nyekundu, haliuzwi kwa yeyote mpaka zebaki iondolewe na maabara ithibitishe. Rundo jipya, la wasiotumia zebaki, litauzwa kwa mwenye kibali cha sayanaidi, na fedha zake ziende moja kwa moja kwenye karo. Bado ni dogo, halifiki kiunoni kwangu. Kabla ya mvua za mwezi wa tatu tunahitaji mfereji juu ya rundo la zamani ili maji ya mlima yasipite ndani yake, na ukuta wa udongo upande wa chini. Kamati inaomba kura yenu kutumia akiba ya mwaka huu kwa kazi hiyo. Mzee aliyenisema mwezi wa tatu amekubali kuwa msimamizi wa wachimba mfereji, na majembe yako tayari kwa katibu.