Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga: tupeni kiti katika kamati za afya

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka komini ya Katuba, nikiwa mmoja wa vijana ambao kila inapokaribia tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani, huitwa wavae fulana, waimbe na kuandamana hadi katikati ya mji wa Lubumbashi, kisha warudi nyumbani wasiitwe tena mpaka mwaka ufuatao. Hatuzichukii fulana hizo. Tunazivaa hadi zichanike. Ila tunachohitaji ni nafasi mahali ambapo mambo ya afya yetu ya uzazi yanazungumzwa na kuamuliwa, na mahali hapo hapako mbali kama Kinshasa.

Ninamaanisha kamati ya maendeleo ya eneo la afya, ile tunayoiita Kodesa, ambamo muuguzi mkuu wa kituo hukaa pamoja na wajumbe wa wananchi, wengi wao wakiwa reko, wale wahudumu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba siku za chanjo. Katika kamati ninazozifahamu, za Katuba na za komini jirani ya Kenya hapa Lubumbashi, sijaona mjumbe aliye chini ya miaka 30. Wazee waliomo tunawaheshimu, na kazi wanayoifanya bila mshahara si ndogo. Lakini ni vigumu kumtazamia baba wa miaka 60 asimame mbele ya majirani zake na kuuliza kwa nini msichana wa mtaa wake aliaibishwa alipokwenda kuomba sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi.

Sikulibuni swali hilo. Mwaka jana nilimsindikiza rafiki yetu, mwanafunzi wa miaka 20, kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Alieleza haja yake kwa sauti ya chini, na aliyempokea akamjibu kwa sauti ya juu, mbele ya benchi lililojaa akina mama waliokuja kupimisha watoto uzito: «Bwana yako iko wapi?» Benchi zima liligeuka, na mmoja wa akina mama wale alikuwa akisali kanisa moja na mama yake. Rafiki yetu hakurudi tena pale. Vidonge alivyokunywa baadaye alivinunua kwa muuzaji wa barabarani, bila karatasi ya maelezo, na bila mtu wa kumuuliza hata kama ana shinikizo la damu.

Mheshimiwa, si sheria inayokosekana. Sheria ya afya ya umma ya nchi yetu ya Kongo, ya tarehe 13 Desemba 2018, inamruhusu mtu aliyefikia umri wa kuzaa kutumia njia ya kupanga uzazi kwa hiari yake, akiwa ameelezwa vizuri. Mwaka huohuo Gazeti Rasmi lilichapisha Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ambao katika kifungu chake cha 14 unatambua haki ya mwanamke ya kuamua kama atazaa, watoto wangapi na baada ya muda gani. Kati ya maandishi hayo na lile benchi pana umbali ambao hakuna wakili atakayetuvusha. Utapunguzwa na watu wanaokaa karibu na benchi hilo na wenye ruhusa ya kusema.

Najua wazazi wengi, mama yangu akiwa wa kwanza, wanaogopa kwamba kuzungumza mambo haya ni kuwafundisha watoto uasherati. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini tayari walikuwa wamezaa au wana mimba ya kwanza, na hao hawakufundishwa na sisi. Ukimya nao unafundisha. Kijana anayekwenda kutafuta maisha machimboni au kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa huondoka hapa bila kujua kwamba mtu aliyebakwa anapaswa kuanza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ndani ya saa 72, na siku atakapoambiwa, mara nyingi saa hizo zitakuwa zimekwisha kupita.

Kwa hiyo tunaomba uziandikie zoni za afya za mji huu, ili kila Kodesa ipokee vijana wawili, msichana na mvulana, waliochaguliwa na vijana wenzao, wenye haki ya kupiga kura kama wajumbe wengine. Tunaomba pia kila kituo kitenge chumba chenye mlango unaofungwa, hata kiwe kidogo, na kiwapokee vijana alasiri mbili kwa wiki, kwa sababu asubuhi wengine tuko darasani na wengine sokoni. Mafunzo ya wauguzi yatahitaji fedha, na tunajua fedha ni shida. Kumpokea mtu kwa sauti ya chini hakugharimu kitu.

Tunakusanya saini katika komini za Katuba, Kenya na Kampemba, tukianzia mahali vijana walipo: viwanja vya mpira, saluni, kwaya. Karatasi hizo tutazileta ofisini kwako kama ombi rasmi chini ya kifungu cha 27 cha Katiba, ambacho kinaitaka mamlaka ijibu ndani ya miezi mitatu na kinakataza mtu kushtakiwa kwa kuleta ombi kama hilo. Ukipenda kutuita kabla ya hapo, tutakuja siku yoyote baada ya saa tisa alasiri.

Kwa heshima,

Kijana wa Katuba, kwa niaba ya wenzake