Jiko la rimu: Jumamosi saa 3 asubuhi, Kizota

Habari za jioni ndugu zangu. Tunatengeneza jiko la kuchomea nyama kwa rimu ya gari. Mchango ni 5,000 kila mmoja, hela ya fundi wa kuchomelea. Mwisho Alhamisi usiku.

Vya kuleta:
1. Rimu kuukuu ya chuma. Ijaribuni kwa sumaku: isiponasa ni alumini, haifai, makaa yakikolea inaweza kuyeyuka.
2. Nondo za milimita 12, vipande 3 vya sentimita 60. Miguu mitatu haiyumbi hata uwanja ukiwa na mabonde.
3. Nondo za milimita 6 za wavu. Waya wa zinki hapana kabisa! Ukipata moto unatoa moshi wa sumu.

Tundu la katikati tutaliziba kwa bamba lenye matobo, hewa ipite makaa yasidondoke. Jiko litawashwa tupu kwanza hadi rangi iungue. Nyama baadaye, msiharakishe.

Andika "Nipo" na namba ya kitu utakacholeta.