TCU wampe kwotabeki Hoover msimu mzima

Ndugu Mhariri,

Tangu Novemba 24, 2023, Oklahoma walipotufunga 69 kwa 45, kila ninapokutana na wapenzi wa TCU, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Texas Christian hapa Fort Worth, nasikia hukumu ile ile: kwotabeki Max Duggan kaondoka, mratibu wa mashambulizi Garrett Riley kaondoka, timu imekwisha. Wengine wanataka kocha mkuu Sonny Dykes afungashiwe virago. Naomba nafasi nipinge, maana naipenda timu hii na naona tunatafuta mchawi mahali asipokuwepo.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu wa Wamarekani: kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza, kisha aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Mratibu wa mashambulizi ndiye anayemchagulia la kufanya. Kuwakosa wote wawili kwa mpigo ni pigo zito, sikatai. Riley alikuwa ametoka kupewa tuzo ya Broyles, ya kocha msaidizi bora wa mwaka 2022. Siku chache baada ya Georgia kutucharaza 65 kwa 7 kwenye fainali ya taifa Januari 2023, akahamia Clemson. Duggan, aliyekuwa wa pili nyuma ya Caleb Williams kwenye tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, akaenda NFL, ligi ya kulipwa.

Ila hawakuondoka peke yao. Wachezaji 8 wa kikosi kile walichaguliwa na timu za NFL mwaka 2023. Kaondoka Quentin Johnston, mdakaji wetu wa mipira ya mbali. Kaondoka mkimbiaji Kendre Miller, na Steve Avila aliyekuwa ukuta mbele ya Duggan. Na upande wa ulinzi kaondoka Tre'Vius Hodges-Tomlinson, mshindi wa tuzo ya Thorpe kwa mabeki. Mbona huyo hatajwi?

Tuangalie mechi ya kwanza, Septemba 2, 2023, dhidi ya Colorado ya kocha Deion Sanders, tena nyumbani kwetu. Mratibu mpya wa mashambulizi, Kendal Briles, alituletea pointi 42. Tukafungwa 45. Kwotabeki wao, Shedeur Sanders, alirusha mpira yadi 510 huku walinzi wetu wakimtazama. Na juzi kwa Oklahoma tulipata pointi 45! Timu inayopata 42 au 45 ikapoteza haina sababu ya kumlilia kwotabeki. Mratibu wa ulinzi, Joe Gillespie, ameshaondolewa, na hilo naliunga mkono.

Halafu kuna mechi za kuponyoka. Msimu huu wa 2023 tumeshinda 5 na kupoteza 7, lakini tatu kati ya hizo saba, Colorado, West Virginia na Texas, tumezipoteza kwa pointi tatu tatu. Mwaka 2022 mechi za namna hiyo ndizo zilizotubeba. Oklahoma State tuliwafunga 43 kwa 40 baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Kwa Baylor, Griffin Kell alipiga teke la mwisho saa ikikatika, wapigaji wakiwa wameingia uwanjani mbio mbio, tukashinda 29 kwa 28. Ushindi mwembamba wa aina ile haudumu miaka miwili mfululizo, hata Duggan angebaki.

Na hapa ndipo ninapotaka wenzangu wanisikilize, kwa sababu tunamkumbuka Duggan vibaya. Tunamkumbuka kama mtu aliyekuja ameshakamilika. Haikuwa hivyo. Mwaka 2020 vipimo vya wakati wa korona vilifichua tatizo la moyo, akalazimika kutibiwa. Mwaka 2022 Dykes alipofika akiwa kocha mpya, nafasi yake alipewa Chandler Morris. Mchezaji wa miaka mitatu uwanjani, kawekwa benchi! Sheria ilikuwa imeshabadilika, angeweza kuhamia chuo kingine na kucheza mara moja. Akabaki. Morris akaumia kwenye mechi ya kwanza, Duggan akaingia, na mengine yote mnayajua.

Siwezi kuisahau fainali ya Big 12, ligi yetu, dhidi ya Kansas State, Desemba 2022. Dakika za mwisho aliichukua timu mgongoni, akikimbia na mpira yeye mwenyewe mara kwa mara hadi akawa hana pumzi, akasawazisha 28 kwa 28. Tulipoteza 31 kwa 28 kwenye muda wa nyongeza, na baadaye aliulizwa maswali akilia mbele ya waandishi. Mtu wa namna hiyo hutokana na miaka minne ya kukaa mahali pamoja.

Msimu huu wa 2023 tumempata kwotabeki Josh Hoover. Aliingia Oktoba, Morris alipoumia tena. Mechi yake ya kwanza kuanza alirusha yadi 439 tukawafunga BYU 44 kwa 11. Wiki iliyofuata Kansas State wakatupiga 41 kwa 3, na watu wale wale waliomshangilia wakaanza kudai aletwe kwotabeki aliyeiva kutoka chuo kingine. Ana mwaka mmoja tu wa kucheza, na kautumia akijifunza mfumo wa Briles katikati ya msimu.

Ombi langu kwa TCU ni hili. Wampe Hoover mazoezi yote ya kabla ya msimu akiwa namba moja, akiwa na Briles yule yule, na wasimnunulie mtu wa kumkalia mgongoni. Fedha na nguvu za kusajili zipelekwe kwa walinzi, na mratibu mpya wa ulinzi apatikane mapema kabla wachezaji hawajaanza kujiorodhesha kuhama. Dykes aachwe afanye kazi. Septemba 2024 nitakuwa uwanjani kama kawaida, na nikimwona Hoover akianza mechi ya kwanza nitajua kuna aliyesikia.

Wenu,
Mpenzi wa TCU,
Fort Worth, Texas, mwishoni mwa 2023